Gitare ya rock hapa Lubumbashi: mwongozo kamili wa kuishi ndani ya bendi yako na kusindikiza nyimbo za watu

Nianze na neno litakalokuudhi kidogo. Bendi yangu ya rock haijanilipia nyumba hata mwezi mmoja, na niko ndani yake mwaka wa kumi na tatu sasa. Nyumba inalipwa na harusi za Kampemba, na kwaya, na mwimbaji wa rumba anayetafuta mtu wa mi-solo (gitare iliyo kati ya ritimu na solo) Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi, na bendi ya hoteli ambayo mpiga gitare wake kaenda Kolwezi, na studio ambako nakaa saa mbili napiga akodi nne ambazo hakuna atakayejua ni miye nilizipiga. Ila nikiwafuata nyuma mmoja mmoja, karibu wote walinisikia kwanza kwenye bendi. Ile bendi isiyolipa njo ilinipa jina, jina njo linaleta simu, simu njo inaleta bukari, yaani ugali.

Kwa hiyo hapa ninaandika juu ya kazi mbili. Mikono ni ile ile na gitare ni ile ile, lakini tabia ni mbili, na wapiga gitare wengi niliowaona wakikosa kazi hapa L'shi hawakukosa vidole, walikuwa wanaenda kusindikiza mtu wakiwa na tabia ya kwenye bendi yao.

Kwanza jua umesimama wapi

Watu watakuambia rock ni mambo ya wazungu, wewe nyamaza tu upige. Huu ni mkoa wa gitare. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama besi, shahada inaimba juu, mtu mmoja unadhani ni wawili. Kuna Edouard Masengo, kuna Losta Abelo, hao wote ni wa huku. Halafu vuka Kasumbalesa tu, upande wa Zambia, miaka ya 70 vijana wa huko walikuwa wanapiga rock nzito yenye fuzi na wah-wah: WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Walikuja kuiita Zamrock. Shaba ilipoanguka bei katikati ya miaka hiyo, maisha ya bendi nayo yakaanza kuanguka, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi halihitaji kuelezewa.

Kazi ya kwanza nakupa hiyo. Wiki moja piga kwa gumba na shahada tu, bila pleki. Wiki inayofuata chukua rifu za Zamrock, ambazo nyingi ni noti chache zinazozunguka na hazina haraka. Hapo utakuwa na vitu viwili ambavyo kijana aliyejifunza kwenye video peke yake hana, na siku mwimbaji atakuambia "nipe kitu cha hapa kwetu" utakuwa nacho mkononi.

Mikono, na sikio zaidi ya mikono

Solo ni sehemu ndogo sana ya kazi. Ukihesabu wimbo wa dakika tano, unaweza kupiga solo sekunde thelathini, dakika nne na nusu zingine uko ritimu au umenyamaza. Sasa vijana wanafanya mazoezi ya sekunde thelathini miaka mitatu.

Weka metronomu kwenye simu, pigo 60 kwa dakika, na usiichukue kama moja-mbili-tatu-nne. Ichukue kama mbili na nne, pale dramu inapopiga sinea. Mwanzoni utapotea, ni kawaida. Piga akodi moja tu, la minere, dakika kumi, ukiwa unazima nyuzi kwa kiganja cha kulia, na ujirekodi. Halafu sikiliza kesho yake, si siku hiyo hiyo, ju siku hiyo hiyo unajisifu.

Cha pili jifunze nyimbo kwa namba. Hapa tunasema do re mi, vizuri, endelea hivyo, lakini kichwani weka namba. Kwenye toni ya do, do ni 1, fa ni 4, sol ni 5, la minere ni 6. Wimbo ukiwa 1, 5, 6, 4 unauandika hivyo hivyo kwenye kikaratasi. Sasa mwimbaji amefika na mafua anasema "leo tushushe, tupige kwa sol", wewe namba hazibadiliki, zinakuwa sol, re, mi minere, do. Na akisema la bemoli, ambayo hapa kanisani wanaipenda sana sijui kwa nini, zinakuwa la bemoli, mi bemoli, fa minere, re bemoli. Mpiga kinanda yeye anabonyeza kitufe kimoja tu kinanda kinahama toni halafu anakuangalia anacheka. Usimchukie. Fanya kila wimbo kwa toni tano bila kapo (kile kibano cha shingo), baada ya mwezi utamcheka wewe.

Cha tatu kwa mtu wa rock hasa: jifunze sebene, ile sehemu ya rumba ambako gitare zinazunguka na watu wanacheza. Usiseme si muziki wako. Nusu ya simu zitataka sebene, na pale rock inakusaliti ju vidole vyetu vimezoea kuvuta waya na kutetemesha noti, na distosheni, ile sauti ya kukwaruza, inaficha uchafu. Sebene inataka sauti safi, pikapu ya nyuma (pikapu ni ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi), noti mbili mbili za tatu na za sita juu kwenye shingo, na kifungu kimoja unakirudia dakika nne bila kuchoka, unabadilisha kidogo tu kila baada ya mizunguko minane, mtu anayecheza asijue kilichobadilika ila kiuno chake kijue. Ilinichukua mwaka mzima kuacha kuvuta nyuzi pale. Kwa upande wa pili ile nidhamu ya kurudia ilirudi kuniponya kwenye bendi yangu, rifu zikakaa.

Vifaa, na vita vya umeme

Sitakuambia gitare gani ununue. Nunua ile inayoshika toni na ambayo freti zake hazikukati. Nitakuambia mambo ya hapa.

Hapa tuna kiangazi kirefu, kuanzia Mei mpaka Oktoba hivi hakuna mvua, vumbi jekundu kila mahali, na Juni usiku kuna baridi. Mbao inakauka, inasinyaa, na chuma cha freti hakisinyai, ndiyo maana mwezi wa nane unapitisha mkono kando ya shingo unasikia vijiwembe. Usimpe fundi wa milango apige msasa. Weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kiboksi cha sabuni chenye matundu, kiboksi kiingie ndani ya keisi ya gitare pale kwenye nafasi ya shingo, kitambaa kisiguse mbao, na keisi ifungwe muda wote usiopiga. Mvua ikirudi Novemba ondoa, ju shingo itaanza kupinda kwa upande wa pili. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo unaizungusha robo mzunguko, unasubiri siku moja, unaangalia, usizungushe mzunguko mzima kwa hasira.

Nyuzi, mi natumia .010. Nunua seti tatu kwa mara moja na waya mmoja mmoja wa ziada wa mi ndogo na si, hizo njo zinakatika.

Sasa umeme. Hapa soma polepole ju hii si ya muziki, ni ya maisha. Kwenye shoo nyingi umeme wa sono, yaani mitambo ya sauti, unatoka kwenye jenereta au kwenye waya ambao mtu kauvuta kutoka nyumba ya jirani, na ardhi haipo, yaani ule waya wa tatu wa usalama haujaunganishwa popote. Wewe umeshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na ampli, midomo yako inaenda kwenye maikrofoni iliyounganishwa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) iliyo kwenye chanzo kingine cha umeme. Ukigusa, mwili wako njo unakuwa waya. Nimeona mtu kaanguka na maikrofoni mkononi, akapona, lakini meno mawili hakurudi nayo nyumbani. Kwa hiyo kabla hujaimba chochote chukua multimita, pima kati ya nyuzi zako na kichwa cha maikrofoni. Ikionyesha volti makumi, usipige, mwite mwenye sono mtafute tundu moja ambalo ampli na mikisa zote zitatoka. Na usikate kamwe ile pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo utauondoa kwa boksi la DI, lile la kuunganisha gitare na mikisa, lenye kitufe cha kukata ardhi ya sauti tu, hilo haligusi ardhi ya umeme wa ampli. Beba la kwako, ni dogo kama sabuni, na siku ampli ya hapo imekufa unapitia humo moja kwa moja kwenye mikisa.

Mngurumo mwingine unatoka kwenye pikapu za koili moja, zikikaa karibu na taa za neoni zinalia kama nyuki. Pikapu za hambaka ziliundwa kwa sababu hiyo hiyo, Seth Lover pale Gibson mwaka 1955, koili mbili zinazofutiana kelele. Kwa harusi za hapa mi naenda na gitare ya hambaka, yenye koili moja nabaki nayo studio.

Pedali zipange hivi: tyuna kwanza, halafu wah, halafu uvadraivu na distosheni, halafu korasi, mwisho dilei na riverbu. Hesabu ya dilei, yaani mwangwi unaorudia noti: gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo, unapata milisekunde za pigo moja. Kasi 120, ni 500. Weka 375 kama unataka ile inayoruka-ruka. Na usambaze umeme wa pedali kutoka chanzo kimoja kizuri kinachopita kwenye stabilizeta, ju volti za hapa zinapanda na kushuka na pedali ya kidijitali haina huruma, ikizimika katikati inakuchukua sekunde kumi kuamka na sekunde kumi mbele ya watu ni muda mrefu sana.

Bendi: tafuta mpiga dramu kwanza

Watu wanaanza na mwimbaji, halafu wanashangaa. Hapa wapiga gitare wako wengi, waimbaji wamejaa makanisani, mpiga dramu anayeshikilia kasi bila kukimbia kwenye koro, yaani kiitikio, ni wachache na wanagombewa. Mpate huyo, mpe heshima, usimcheleweshee transpo yake. Halafu besi. Kama wewe na dramu na besi mnaweza kupiga dakika kumi akodi mbili na watu wanaopita nje wakasimama, mna bendi. Bado mwimbaji, atakuja.

Mkiwa gitare mbili msikae mahali pamoja. Mmoja akiwa chini kwenye freti ya tatu, mwingine apande ya saba au ya kumi, au mmoja apige mfululizo mwingine akate-kate. Na distosheni ipunguzeni wote wawili, chini ya mnavyodhani. Nyumbani peke yako geni nyingi, yaani nguvu ya distosheni, inasikika kubwa, ndani ya bendi inasikika kama mvua kwenye mabati, unaisikia lakini husikii noti.

Repetisyo zetu, yaani mazoezi ya bendi, ni mara mbili kwa wiki, Kamalondo, chumba cha nyuma cha mtu, na tunajua umeme wa pale unarudi saa ngapi kwa hiyo saa ya repetisyo inafuata umeme, haifuati sisi. Umeme ukikosekana hatuendi nyumbani. Tunapiga bila ampli, mpiga dramu anapiga kwenye magoti, na hapo njo unajua wimbo upo au haupo.

Halafu karatasi. Ndugu zangu, andikeni karatasi mapema wakati bado mnapendana, ukurasa mmoja, kalamu na sahihi. Jina la bendi ni la nani mtu akiondoka. Nani katunga maneno, nani katunga muziki, asilimia ngapi kwa kila wimbo. Pesa ya shoo inagawanywa vipi na kiasi gani kinabaki kwenye sanduku la nyuzi na kebo na matengenezo. Nani ana neno la siri la kurasa za bendi kwenye intaneti, hii wengi wanaisahau. Miye bendi yangu ya kwanza ilivunjika na nyimbo sita ambazo mpaka leo hakuna kati yetu anayeweza kuzipiga mbele ya watu bila mwingine kuanza kupiga simu usiku.

Kusindikiza: wimbo si wako

Hapa njo penye maneno mengi, ju hapa njo penye kazi.

Usidhani kusindikiza ni kazi ya mtu aliyeshindwa. Jimmy Page alikuwa kijana wa studio London, anapiga kwenye rekodi za watu, kabla ya kuanzisha bendi ya Led Zeppelin 1968. Watu wa bendi ya Toto kule Los Angeles walikuwa wa studio kabla na baada ya kuwa na bendi. Steve Lukather, mpiga gitare wao, kaeleza mwenyewe mara nyingi jinsi alivyorekodi ritimu kwa Michael Jackson mwaka 1982, alipiga na ampli kubwa za kirock, prodyusa Quincy Jones akasema ni nzito mno kwa redio, akarudia na ampli ndogo. Fikiria hapo. Mtu ana ampli kubwa, ana jina, anaambiwa punguza, anapunguza, na ile iliyopunguzwa njo dunia nzima inaijua.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Mick Ronson wa mji wa Hull, Uingereza. Alikuwa mtunza bustani wa manispaa pale 1970 alipoitwa kwenda kupiga na David Bowie. Lakini hakuwa wa gitare tu, alikuwa anajua kupanga violini na piano, kwa hiyo mwaka 1972 Lou Reed akamtumia kwenye upangaji wa muziki wake, na 1975 yuko kwenye ziara ya Bob Dylan. Ujuzi wa pili unakupa simu ya pili. Wako unaweza kuwa kuimba sauti ya tatu, au kuandika karatasi za namba kwa bendi nzima, au kuendesha gari la vyombo mpaka Likasi, sicheki, kuna mtu nimemuona anaitwa kwa sababu ya leseni.

Sasa hatua zenyewe. Simu ikiingia uliza kabla ya kusema ndiyo: tarehe na saa ya kufika, si saa ya kuanza. Wapi. Nyimbo ngapi, nitumiwe lini. Toni ni ile ya rekodi au imehama. Nani mwingine anapiga, kuna gitare nyingine? Repetisyo ngapi na inalipwa? Pesa ngapi, lini, na transpo ni ya nani. Ukiona aibu kuuliza hayo saa ya simu utayauliza saa sita usiku nje ya ukumbi ukiwa na gitare mgongoni na hakuna taksi.

Nyimbo zikifika sikiliza mara tatu bila gitare. Mara ya kwanza fuata maneno. Usiruke hiyo. Mara ya pili fuata dramu na besi. Mara ya tatu tafuta nafasi, yaani wapi hakuna mtu, ju huko njo utakaa. Ndiyo kisha uchukue gitare uandike karatasi: jina, toni, kasi, namba, mizunguko mingapi, wimbo unaishaje. Mwisho wa wimbo andika kwa kalamu nyekundu. Bendi nyingi zinaaibika mwishoni, si mwanzoni.

Kwenye repetisyo fika robo saa kabla, umeshatyuni. Piga kidogo kuliko unavyoweza. Shefu, yaani kiongozi wa bendi, akitaka zaidi ataomba, na kuombwa uongeze ni kutamu kuliko kuombwa upunguze.

Mimi niliombwa nipunguze, na nitakuambia vipi. Tulikuwa Likasi, mwimbaji ni mama mmoja wa nyimbo za polepole, sauti yake ndogo lakini inakata. Wimbo wa nne kuna sehemu anaimba jina la mtoto wake aliyefariki. Miye sikujua, sikuwa nimesikiliza maneno, nilikuwa nimesikiliza akodi. Pale pale nikaona nafasi tupu, nikakanyaga pedali, nikavuta noti moja ndefu na mtetemo wangu mzuri kabisa. Watu walipiga makofi. Yeye akageuka akaniangalia, akamaliza wimbo. Tukiwa tunakunja kebo akanijia akasema polepole, "Yaya, pale nilikuwa naimba nini?" Nikakosa jibu. Hakugomba, hakusema neno lingine, alinilipa pesa yote. Hakunipigia tena, na miaka miwili mbele nilisikia mpiga gitare wake mpya kwenye sehemu ile ile: alikuwa anapiga akodi moja, mara moja, halafu mkono juu ya nyuzi mpaka maneno yaishe.

Kwa hiyo jukwaani macho yako yakae kwenye mgongo wa mwimbaji, si kwenye vidole vyako. Bega likipanda anavuta pumzi, anaingia. Mkono nyuma ya kiuno ukizunguka anataka mzunguko mwingine. Akiangalia dramu anataka kumaliza. Kanisani fuata pasta, siyo kwaya, ju pasta anaweza kuanza kuomba katikati na unatakiwa kushuka mpaka uwe kama pumzi, akodi mbili tu za polepole, bila distosheni hata chembe. Harusini fuata yule mwenye maikrofoni anayeita majina ya familia na kutupa maneno ya sebene, yeye njo anajua nani anatunza pesa. Kwenye kilio, ukiitwa, piga chini na usivae shati la bendi.

Na usipige solo zako mwenyewe kwenye nafasi ya mtu aliyekuweka pale kuwa mbadala wake. Ukiwa unashika nafasi ya mtu, piga vitu vyake jinsi alivyovipiga, mrudishie kiti chake kikiwa safi, na usiombe namba ya shefu.

Pesa, kwa kifupi lakini bila aibu

Avansi nusu kabla ya siku, kwa M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, ju ule ujumbe wa simu ni ushahidi. Kama ni dola kubalianeni hata hali ya noti, ju noti yenye kipande kilichochanika hapa hakuna anayeipokea na utabaki nayo kama picha. Nusu ya pili kabla ya kupanda jukwaani kwa mtu usiyemjua, baada ya kushuka kwa mtu unayemjua. Bia si malipo. Chupa mbili za Simba ni ukarimu, zinakuja juu ya pesa.

Utasikia "njoo tu, utajulikana". Eddie Van Halen, mpiga gitare maarufu wa rock, alipiga solo kwa Michael Jackson ile ile 1982 bila kuchukua hata senti, kweli, lakini alikuwa tayari ni Eddie Van Halen. Mi nafanya bure mara mbili tu kwa mwaka, moja kwa kanisa la mama yangu na moja nachagua.

Studio ulizia mapema kama ni pesa moja imeisha, au jina lako litaandikwa pia. Jina litaandikwa vipi, tuma mwenyewe kwa maandishi. Kama umetunga rifu ambayo wimbo umesimama juu yake, hapo si kusindikiza tena, ni kutunga, sema kabla ya kurekodi si baada ya wimbo kupendwa. Nchi hii ina sheria, ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda haki za mtunzi na zile wanazoita haki jirani, yaani za mwenye kupiga na kuimba, na shirika la kuzikusanya ni SOCODA. Jiandikishe, andikisha nyimbo za bendi kwa majina yote kama yalivyo kwenye ile karatasi yenu.

Siku zinapogongana

Zitagongana. Bendi yako ina konseri Jumamosi, na siku hiyo hiyo mtu anataka kukulipa mara nne. Sheria ya kwetu, tumeiandika: tarehe ya bendi ikishatangazwa hakuna anayeondoka, kabla ya kutangazwa unaweza kuomba ihame. Na kila mmoja ana mbadala mmoja anayejua nyimbo kumi. Wangu ni kijana wa Katuba, mudogo mwenye vidole vya haraka kuliko vyangu, nilimpa karatasi zangu zote na namlipa yeye kwanza kabla ya kujilipa. Watu wananiuliza siogopi atanichukulia nafasi. Naogopa zaidi kukataa simu mara tatu.

Masikio pia. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, ambayo ni ukumbi wa kawaida tu wa harusi hapa, una dakika kumi na tano. Na sebene moja tu inaweza kuzidi hizo. Vaa vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza bila kuziba, na usisimame mbele ya simbali. Sikio langu la kushoto, la upande wa dramu, linapiga filimbi usiku. Halitanyamaza tena.

Shoo ikiisha futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, ju jasho na vumbi la huku vinazila kwa wiki mbili. Kunja kebo kwa duara, moja juu moja chini, usizungushie kwenye kiwiko. Mshukuru mwenye sono kwa jina lake, atakukumbuka kwenye volyumu siku nyingine. Na kesho yake saa nne asubuhi, kabla hujalala tena, tuma ujumbe mfupi kwa aliyekuita. Mi naandika hivi: "Asante kwa jana. Wimbo wa tatu nilichelewa kuingia kwenye koro, nimesharekebisha kwenye karatasi. Tarehe 14 na 21 niko huru."